Bi Uberlinda na Moshi wa Saa Mbili

Hakuna aliyempa Bi Uberlinda Nahuelquín kazi ya kuwalinda wazee wa mteremko ule wa Chiloé, kisiwa cha kusini mwa Chile. Alijipa mwenyewe, mwaka aliostaafu usafi wa zahanati, ambako miaka thelathini ya kushika fagio ilimfundisha kugomba kama muuguzi mkuu. Kila asubuhi ya baridi, kuanzia Juni mvua inapoanza kuja kwa ubavu, hukaa dirishani na kibuyu chake cha chai chungu ya huko, iitwayo mate, anainyonya kwa mrija huku akihesabu dohani. Wazee saba, dohani saba. Ikifuka, mwenye nyumba ni mzima. Isipofuka hadi saa tatu, Bi Uberlinda huvaa mabuti ya mpira.

Sheria hiyo aliitangaza mpaka kanisani, na haikuwa na msamaha. Mwaka juzi dohani ya mjane Rudecinda ilinyamaza. Bi Uberlinda akausukuma mlango kwa bega mpaka komeo likang'oka, akamkuta mjane buheri wa afya, amechelewa kuamka tu, na hakuwa peke yake. Mpaka leo salamu zao ni za shingo upande, ila moshi wa Rudecinda siku hizi hutoka kabla jogoo hajawika.

Aliyemtia wasiwasi zaidi alikuwa Mzee Eleuterio Mansilla, mume wa marehemu Otilia, shoga yake tangu utotoni. Msimu wa baridi uliopita, wa kwanza tangu Otilia afariki, mzee alishikwa na nimonia nusura aende. Binti yake Nolfa, anayeishi mjini Puerto Montt, akaapa kwamba kifua hicho kikiguswa na baridi mara nyingine, anamhamishia kwake. Ghorofa ya nne, hakuna jiko la kuni, hakuna uwanja, hakuna kuku wa kugombana nao. Bi Uberlinda aliamini shemeji yake asingemaliza mwaka huko. Basi akaahidi kumwangalia, na Nolfa akawa anampigia simu kila siku saa tatu kuuliza hali.

Pafukapo moshi pana moto, walisema wahenga. Wahenga hao hawakuwahi kuwa majirani wa Mzee Eleuterio. Baridi ya mwaka huu moshi wake ulitoka kila siku saa mbili kamili, mweupe, mzito, ukajilaza juu ya bati. Saa mbili na robo ukakatika. Siku ya kwanza Bi Uberlinda alimshukuru Mungu. Siku ya nne aliweka kibuyu chini. Moshi wa kuni kavu ni mwembamba, wa samawati, unautafuta kwa macho. Na moto wa kweli haufungi ofisi saa mbili na robo.

Akavaa mabuti.

Alimkuta kitandani, na sweta tatu, joho la sufu, kofia, na kuku mmoja ndani ya blanketi. Pumzi za wote wawili zilionekana hewani.

“Karibu, shemeji,” mzee akasema, meno yakigongana. “Nimetoka kuzima moto sasa hivi. Joto lilinizidi.”

“Limekuzidi mpaka umemkumbatia kuku?” Bi Uberlinda akaweka kiganja juu ya jiko. Baridi tupu. “Ule moshi ulitoka wapi?”

“Tawi bichi. Nalifukiza kidogo, narudi kulala.”

“Na nani alikufundisha upuuzi huo?”

“Si wewe? Ulisimama kanisani ukasema unataka kuona moshi. Moto hukuutaja.”

Bi Uberlinda akatoka nje kwa kishindo kutafuta kuni. Hakwenda mbali. Chini ya upenu wa nyuma palikuwa na ukuta mzima wa kuni kavu, haujaguswa. Kabla hajavuta hata moja, mzee akatokea na soksi, kuku kwapani, akazikinga kwa mgongo wake.

“Hizo hapana!”

“Kuni ni za kuchoma, wee mzee!”

“Alizipanga Otilia. Kila moja hapo imepita mkononi mwake. Nikizichoma, nitabaki na nini?”

Hasira zikamwisha Bi Uberlinda pale pale, maana na yeye aliukumbuka mkono huo, na kuukumbuka kulimuuma. Ndipo simu ikalia mfukoni. Saa tatu. Nolfa.

“Mwambie moto upo,” mzee akasihi.

“Sijawahi kumdanganya mtoto wa Otilia, na leo sianzi.” Simu ikakatika, ikaanza tena. “Sikiliza, shemeji. Nilikuwepo alipozipanga, mimi ndiye niliyempokeza. Tazama: nyembamba za kuwashia zote upande wa mlango. Nene usawa wa kiuno chako, usipate shida ya kuinama. Nikamwambia, Otilia, unaumwa, pumzika. Akanijibu, ‘Mume wangu hajui kuwasha moto hata umpe petroli. Nampangia za miaka miwili, huenda atajifunza.’”

Mzee akageuka, akautazama ukuta ule kana kwamba ameletewa leo. Kweli, nyembamba zilikuwa upande wa mlango.

“Alisema sijui?”

“Alisema hujui.”

“Mwanamke yule!” Akamkabidhi Bi Uberlinda kuku, akafuta macho kwa sweta ya juu, akavuta kuni ya kwanza.

Nolfa alipopiga mara ya tano, akajibiwa kwamba baba anao moto, na neno hilo lilikuwa kweli tupu.

Kesho yake moshi ulikuwa mwembamba kiasi kwamba Bi Uberlinda alifuta kioo mara mbili na bado hakuridhika. Akaenda kuhakikisha. Alifungua mlango, akasimama kizingitini, mvua nyuma yake, akisikiliza kuni zikipasuka jikoni bila kupumzika, ta, ta, ta.

“Funga mlango, shemeji!” mzee akafoka kutoka kitini, na sweta moja tu. “Unamtoa Otilia nje!”