Dawati la Kitanda cha Baba

Enzi zetu, jamani, kuanza kidato cha kwanza hakukuwa kubeba begi tu. Barua ya shule ilisema: mwanafunzi aje na jembe, fagio na dawati lake mwenyewe. Asiye nalo hapokelewi. Watoto wa maofisa wa Morogoro mjini waliletewa yao kwa gari, yananukia vanishi. Sisi wa milimani tulishuka hadi shuleni Mlali kwa miguu, magimbi ya kuchemsha tumeyafunga kwenye kanga.

Baba alilima kabichi, mbao hakuwa nazo. Na kwetu Uluguru shamba ni la ukoo wa mama, pamoja na miti yake. Baba kaja kuoa, hakati hata tawi bila ruhusa ya mjomba. Alipomwomba, mjomba akang'aka: "Miti ya ukoo ni ya kujengea! Madawati wanataka serikali, si wana msitu wao?" Haya, uingie msitu wa serikali na shoka uone kama hukulala ndani.

Zikabaki siku mbili. Nililia mpaka macho yakavimba.

Asubuhi nikamkuta baba uani anagonga misumari. Dawati! Nilirukaruka, wala sikuuliza mbao kazitoa wapi. Akalibeba kichwani hadi Mlali kwenye utelezi wa mvua, mimi nyuma na jembe na fagio. Mwalimu akalitikisa, likatulia, akaniandika jina. Baba akashukuru kama aliyeandikishwa ni yeye.

Niliporudi likizo, chumbani kwao nikaona mkeka. Kitanda, kitu pekee alichokuja nacho baba alipooa, hakipo.

"Kilikuwa kinaniumiza mgongo," akasema. Mama akageukia ukutani. Nami nikaamini, mjinga mimi.

Siku hizi madawati yanaletwa shuleni, na ndivyo ilivyopaswa kuwa tangu zamani. Mwanangu la kwake kalichora lote jina la timu yake, halafu analalamika eti ni gumu! Nilitamani kumchapa. Nikaishia kumsimulia habari za babu yake.

Juzijuzi nimempelekea baba kitanda cha mninga. Akakipapasa, akakisifu, lakini hakukaa.

"Mjukuu wangu ana dawati?"

"Analo, baba. Kapewa shuleni."

"Na wenzake wa huku milimani?"

"Wote wanayo."

Ndipo akakaa.