Rangi za Madamu

Mtaa mzima ulimwita Madamu, hata wale ambao hawakuwahi kukanyaga darasa lake. Alifundisha Kifaransa miaka thelathini na moja, na hata baada ya kustaafu hakuweza kusikia neno limetamkwa vibaya akanyamaza. Bintiye, muuza dawa, alikikimbia Kifaransa tangu shuleni. Neno pekee alilobaki nalo lilikuwa "merci", na hilo nalo alilitamka kama anayepiga chafya.

Mume wa binti huyo, fundi mitambo, alipohamishiwa nchi ambako shule zote ni za Kifaransa, ikaamuliwa familia imfuate baada ya mwaka. Watoto wakakabidhiwa kwa bibi awafundishe lugha hiyo: msichana wa miaka sita, aliyeitwa Chiriku kwa jinsi asivyofunga mdomo, na mdogo wake wa miaka minne.

"Mama, hao ni wako," binti alisema. "Mimi usinihesabu kabisa."

Madamu aliipokea kazi kwa mikono miwili. Kila asubuhi alitandaza magazeti juu ya meza ya kulia, akamimina rangi kwenye vifuniko vya chupa, akawavalisha watoto mashati makuukuu ya marehemu babu yao, vifungo mgongoni. Madaftari hakuyataka. Walichovya vidole, na kila rangi waliitaja jina kwa Kifaransa kabla ya kuigusa. Kisha sufuria zilifudikizwa sakafuni, kila mtoto na mwiko wake, wakaimba nyimbo alizotunga mwenyewe: ya vidole, ya viatu, ya mvua. Chiriku aliimba mpaka jirani akafunga dirisha.

Siku moja jina la njano lilikataa kuja. Watoto walimkodolea macho, vidole hewani. Mwalimu hababaiki mbele ya darasa. Akatamka la kubuni, kwa sauti ya uhakika: "Talune."

"Talune!" watoto wakaitikia, na njano ikarukia mpaka ukutani.

Ni uchovu tu, alijiambia, kesho nitarekebisha. Kesho yake hakukumbuka kama kulikuwa na cha kurekebisha.

Yakafuata mengine. Nyekundu ikawa "bleu", jina la buluu. Wimbo wa viatu ukapoteza ubeti wa pili, akaujaza kwa sauti zenye lafudhi ya Kifaransa lakini zisizo na maana yoyote. Mara mojamoja alijishtukia katikati ya mstari. Lakini nani angemkosoa? Nyumba nzima haikuwa na sikio jingine. Binti akirudi kazini aliimbiwa, akapiga makofi huku machozi yakimlengalenga.

"Mama, wewe ni kiboko!"

Na Madamu alitabasamu, akakwepa macho yake.

Ilipobaki miezi mitatu wasafiri, binti alimwalika mwalimu kijana wa Kifaransa aje awapime watoto. Alikaa pale pale mezani, akaelekeza kidole kwenye kifuniko cha njano.

"Talune!" Chiriku alisema, kifua mbele.

Nyekundu? "Bleu!" Mdogo wake akadakia wimbo wa viatu mpaka mwisho.

Kijana alicheka, akidhani anataniwa. Kisha akaacha kucheka. "Nani amewafundisha?"

"Bibi! Bibi ni Madamu."

Akamgeukia bibi, akamwambia jambo taratibu kwa Kifaransa. Madamu alisikia sauti aliyoipenda maisha yake yote, ila maneno yalimpita kama watu barabarani. Akafumbua mdomo.

"Samahani, mwanangu," akasema kwa Kiswahili.

Binti alisimama mlangoni, glasi ya maji ya mgeni mkononi. "Mama? Tangu lini?"

"Sijui. Nilidhani itapita."

Daktari alisema ni ugonjwa wa kusahau, na kwamba utaendelea. Binti, anayeuza dawa kutwa nzima, alimuuliza mara tatu kama hakuna dawa ya kuuponya. Mara tatu alijibiwa hakuna.

Mwalimu kijana akaanza kuja kila siku, kufuta na kuanza upya. Chiriku aligoma. "Bibi kasema talune!" Mama yake alibembeleza, akafoka, akashindwa. Mwishowe Madamu mwenyewe alimvuta mtoto karibu.

"Bibi alikosea, mjukuu wangu."

"Zote?"

"Sijui ni zipi."

Siku hiyo Chiriku hakusema neno tena.

Walisafiri bila yeye. Daktari alishauri asihamishwe mazingira aliyoyazoea. Dada yake, mjane, akahamia kumtunza. Watoto walipiga simu kila Jumapili, nyuso zimejaa kwenye kioo. Mwanzoni walichanganya lugha, kisha Kiswahili kikaanza kuwapotea, na kufikia mwaka uliofuata walimwaga Kifaransa kitupu, haraka haraka, wakikatizana. Madamu alisogeza uso karibu na simu, akawa anaitikia kwa kichwa.

Simu ilipokatika dada yake aliuliza, "Wamesemaje?"

"Wazima," Madamu alijibu. Kisha akauliza, "Wale ni watoto wa nani?"