Fataki Saba Zilizozama

Tangu mwaka aliomwoa Arlys, miaka arobaini na tisa iliyopita, Orval Tveit hakuwahi kununua risasi iliyojazwa kiwandani. Alizijaza mwenyewe, kwenye meza aliyoipigilia ukutani nyuma ya mashine ya kufulia. Aliokota ganda lililokwisha kutumika, akalisafisha, akang'oa fataki iliyoungua kitakoni, yaani kile kidonge kinachowasha baruti, akapachika mpya, akamimina baruti kwa kipimo, kisha akakandamiza kichwa cha risasi juu yake. Kwa miaka thelathini na tatu aliendesha greda la kaunti na kukwangua theluji kwenye barabara za Sill Creek, Montana. Watu walimshukuru kwa barabara. Kwa risasi, walimwamini. "Ya Orval haigomi," walisema, na aliyesema hivyo hakuona haja ya kueleza.

Msimu huu, akiwa na miaka sabini na tano, jina lake lilitoka kwenye bahati nasibu ya vibali vya kuwinda nyati. Alikuwa ameomba kila mwaka kwa miaka ishirini na sita. Kibali kilimpa siku tano za Januari, kuanzia Alhamisi, na nyati mmoja. Ukimlenga nyati na bunduki ikalia tik bila kulipuka, hakungojei upakie nyingine. Kundi hurudi ng'ambo ya mto, ndani ya mbuga, na huko huruhusiwi kulifuata.

Jumatatu asubuhi alikwenda dukani kwa Bev Roscoe kutafuta fataki. Aina aliyoizoea haikuwapo. Rafu nzima ilikuwa na aina moja tu, ile kali inayowasha baruti nyingi.

"Chukua hizo," alisema Lowell Haugan, dereva wa basi la shule, ambaye baada ya kushusha watoto hana kazi nyingine ila kunywa kahawa ya Bev. "Baridi hii, baruti yako italala kama mimi kanisani."

"Wewe kanisani unalala hata Julai."

"Julai nasinzia. Januari ndiyo nakoroma."

Orval aliliweka boksi mahali pake. "Fataki si sukari, Lowell, kwamba nyeupe ikiisha unatia ya kahawia. Ukibadilisha fataki unaanza upya. Unapunguza baruti, unapanda kidogo kidogo, unapiga shabaha, unakagua ganda. Mimi nina siku tatu."

"Basi chukua za kiwandani," Bev alisema kutoka kwenye kaunta. "Ziko nyuma ya mgongo wako. Haziumi."

"Nikizeeka."

Lowell alimtazama juu mpaka chini. "Siku hiyo ikifika utatupigia simu?"

Wote watatu walicheka, Orval kwa sauti kuliko wenzake. Alikuwa amekumbuka kwamba nyumbani bado anayo nusu boksi ya fataki zake za siku zote.

Mchana huo alijaza risasi ishirini. Hakuharakisha. Alipomaliza alizisimamisha kichwa chini kwenye ubao wenye matundu, akapitisha kidole gumba juu ya vitako, kama anavyofanya kila mara. Fataki iliyokaa sawasawa huzama chini ya kitako kwa unene wa unywele tu. Kidole hicho kilikuwa na sugu za usukani na mafuta ya greda, lakini kwa kazi hii hakikuwahi kumdanganya.

Ya kwanza ilikaa vizuri. Ya pili, vizuri. Ya tatu ilikuwa na kishimo.

Alirudia. Akahesabu zenye kishimo: saba. Alichukua kipimo cha chuma, akabana, akakisogeza karibu na taa, akakisogeza mbali. Tarakimu zilikuwa ukungu mtupu.

"Mama!" aliita. Ndivyo alivyomwita mkewe tangu watoto walipozaliwa, na watoto sasa walikuwa na watoto wao. "Njoo unisomee kitu."

Arlys alikuja akijifuta mikono. Alisoma namba ya kwanza, akasoma ya pili. Orval hakuhitaji ya tatu. Fataki kubwa ya bastola na fataki kubwa ya bunduki zina upana mmoja na rangi moja. Tofauti ni kimo: ya bastola ni fupi. Ukiipachika kwenye ganda la bunduki inaingia bila ubishi, kisha inakaa chini mno, na pini ya bunduki inayopaswa kuigonga huenda ikaifikia au isiifikie.

Kwa miaka yote aliyowafundisha watu kazi hii, somo la kwanza lilikuwa moja. Fataki haitoki kwenye boksi lake kwenda kwenye boksi jingine. Zikibaki tano, zibaki tano. Sasa boksi lake mwenyewe lilikuwa na mchanganyiko.

"Lowell," alisema. "Alitumia meza hii Septemba, kwa ajili ya bastola yake. Kamwaga zake humu."

Arlys alikirudisha kipimo mezani. "Basi mwite," alisema.

Lowell alifika kabla kahawa haijachemka. Orval alimwekea ubao mbele na kumwelezea kwa maneno machache, bila kupandisha sauti, jambo lililofanya maneno yenyewe yawe mazito zaidi. Lowell alipitisha kidole juu ya vitako. Alimwangalia Arlys. Kisha akavua kofia.

"Ni mimi," alisema. "Nilikuwa naongea kuliko kutazama, unanijua. Nisamehe."

Orval alifungua kinywa ili amkaripie, akakifunga. Bastola ya Lowell aliijua vizuri, ndiye aliyemchagulia. Ilitumia fataki ndogo, zile ambazo ukizitia kwenye ganda la bunduki hii zinapwaya na kudondoka kama mbegu ya mtama kwenye kikombe. Fataki kubwa za bastola katika nyumba hii zilitoka kwa mtu mmoja tu, marehemu kaka yake Selmer, na aliyekuwa anamjazia Selmer ni Orval. Alikumbuka kusafisha kabati mwezi Septemba. Alikumbuka maboksi mawili yaliyobaki nusunusu, maandishi yake hayasomeki, na miwani iko kwenye gari, na yeye hakutaka kwenda kuichukua, akayamwaga yote mawili katika boksi moja.

"Bastola yako inakula ndogo," alisema.

Lowell alizungusha kofia mikononi. "Sasa ulitaka niseme nini?"

"Mmejua tangu lini?"

"Kuhusu macho? Tangu Sikukuu ya Shukrani. Ulimwagia pai ya maboga mchuzi wa bata mzinga."

"Na ukaila yote," Arlys alisema.

"Ilikuwa tamu."

"Ilikuwa kichefuchefu, Orval. Tuliona uso wako."

Orval hakucheka. Alivuta kiti akakaa. "Septemba," alisema taratibu. "Baada ya Septemba nimejaza za nani kutoka boksi hili? Zako, Lowell. Leta zako."

"Zangu zipo zote." Lowell aliitazama sakafu. "Baada ya ile pai niliwinda na za kiwandani. Nimezificha kwenye friza, chini ya njegere, usije ukaziona."

Hilo lilimwuma Orval kuliko pai. Lakini hakulikalia, kwa sababu alikuwa amekwisha kumkumbuka mtu wa pili. Wade, mtoto wa Bev, fundi wa nguzo za umeme, alichukua ishirini mwezi Novemba kwa ajili ya kulungu.

Alivaa koti. Arlys alishika ufunguo wa gari kabla yake, naye hakubisha.

Dukani hapakuwa na mteja. Orval alisimama mbele ya kaunta na kuvua glovu. "Zile risasi nilizompa Wade. Mwambie asipige hata moja. Nimezikosea. Nitamrudishia."

Bev aliacha kupanga betri. "Alishazimaliza," alisema. "Moja iligoma. Kulungu alikuwa mbele yake hapo, kama kutoka hapa mpaka mlangoni, akaondoka zake. Wade akasema ni bunduki yake. Akaifungua yote, akabadilisha springi ya pini."

"Hakuniambia."

"Akuambie nini? Risasi ilikuwa yako. Haikumwingia akilini kabisa."

Orval alitazama rafu, halafu kaunta, halafu mikono yake. "Mwambie haikuwa bunduki. Ilikuwa mimi. Mwambie leo, Bev, usingoje nimwambie mwenyewe, maana nitachagua maneno."

"Nitamwambia."

"Na mwingine akikuuliza, mwambie hivyohivyo."

Bev aliitikia kwa kichwa. "Bado unakwenda Alhamisi?"

"Nakwenda."

Aligeuka na kuchukua boksi la risasi za kiwandani. Lilikuwa jepesi kuliko alivyodhani, au labda ni kwamba hakujua lilipaswa kuwa na uzito gani. Aliliweka juu ya kaunta. Bev alilizungusha upande wa maandishi na kumsomea kwa sauti, neno kwa neno, aina ya bunduki, uzito wa kichwa na idadi, ingawa hakuombwa, na Orval aliinama kusikiliza.