Mbwa Aliyekula Fungu la Baba

Katika nyumba nyingi za huku kwetu Ifakara, kichwa cha kambale hakiulizwi mwenyewe. Ni cha baba. Mama hukipakua kwanza, hukiweka juu ya wali, na watoto hujifunza kukitazama bila kukitamani. Balbina alimpakulia hivyo mumewe Wendelin tangu waliposhuka kutoka upande wa Mahenge wakiwa vijana na kujenga nyumba mtaa wa Viwanja Sitini. Wendelin alipofariki, mkono wa mama huyu uliendelea na kazi yake. Ulichukua sahani ile ile ya bati, ukapakua wali, ukaweka kichwa juu. Kisha akasimama nayo jikoni, hana wa kumpa. Mlangoni alikuwa amelala mbwa.

Mbwa huyo aliletwa na Wendelin angali mdogo, akaitwa Kamanda, maana alikusudiwa kulinda mpunga wa shamba lao la Idete dhidi ya nguruwe pori. Mwenye kusudi hakuishi kuliona likitimia. Jioni ile ya kwanza Kamanda alikula fungu la baba kwa woga, huku akimtazama mama usoni. Baada ya hapo hakuogopa tena.

Asubuhi alipewa chai ya maziwa yenye sukari, na maandazi yakiwa yamelowekwa ndani yake. Mchana alikula wali wa nazi. Jioni ilikuwa sahani ya bati. Akaumuka kama unga uliotiwa hamira, hata shingo ikapotea. Jumuiya yetu ndogo ndogo ya kanisa ilipokwenda kusali pale, akina mama walikaa mkekani, sisi wazee tukabanana kwenye benchi, na Kamanda alikuwa amelala katika kiti cha marehemu, juu ya kitambaa cha kufuma.

"Mama Careen," Yosefina, jirani yake, alimwambia Balbina tulipomaliza sala, "huyu naye tumwandike zamu ya kusoma somo?"

"Mwandike. Angalau yeye hachelewi."

Tulicheka wote isipokuwa Dionisi, mdogo wake Wendelin.

"Shemeji, pale alikuwa anakaa kaka yangu."

"Najua. Hicho kitambaa nimekifuma mimi."

"Na sasa anakaa mbwa."

"Ulitaka ukae wewe? Tangu matanga hujapiga hodi hapa, leo umekuja kukagua viti."

Wanazuoni wa Kanisa wa zamani walifundisha kwamba upendo nao una utaratibu wake. Mtu aweza kukosea, si kwa kupenda kitu kibaya, bali kwa kukiweka kitu chema mahali pasipo pake. Nilitaka kumweleza hayo Balbina. Nilipoyaona macho yake, nikaona heri nimalizie chai yangu.

Mpunga ulipoanza kutoa masuke, Balbina alihamia shambani Idete kuamia ndege wasile mpunga, kama afanyavyo kila mwaka na kama wafanyavyo wengi wa bonde hili. Wengine huongozana na mbwa wao kwa miguu. Yeye alimkodia Kamanda bajaji. Shamba lake limepakana na la Dionisi, naye Dionisi alipoona mbwa anateremshwa na watu wawili kama gunia, alikaa chini kwenye tuta ili acheke vizuri.

Nguruwe walikuja jioni, jua likiwa bado juu ya matete. Balbina alikuwa darini, kwenye dungu lake la miti, akipiga debe. Kamanda aliwasikia kabla yake. Na hapa yafaa nimtendee haki mnyama yule: alisimama, akabweka, akaenda. Hakuna aliyekuwa amemfundisha. Alivuka jaruba la kwanza la mpunga. Katika la pili miguu ya mbele ilikunjika, akaanguka kwenye tope, ulimi umegeuka rangi ya zambarau, akipumua kama msumeno unaokata mti mbichi. Nguruwe hawakugeuka hata kumtazama. Waliendelea kula.

Balbina alitupa debe, akashuka, akaketi kwenye tope na kukipakata kichwa cha mbwa. Nguruwe walifukuzwa na Dionisi na mbwa wake wawili wenye mbavu za kuhesabika.

"Shemeji, huyu amekwisha," alisema Dionisi. "Nipishe, nimmalize kwa panga. Ni huruma."

"Panga lako kakatie kuni."

"Mbwa asiyelinda ni wa nini?"

"Ni wa kwangu."

Hakumpisha. Alilala na mbwa wake chini ya dungu, na asubuhi akampigia simu bwana mifugo, aliyekuja kwa pikipiki. Kijana yule alimpapasa Kamanda ubavuni, akizitafuta mbavu asizipate, akamsikiliza moyo kwa muda mrefu.

"Mama, huwa anakula nini?"

Balbina alianza na chai. Akataja maandazi, akataja wali wa nazi. Alipofika kwenye kichwa cha kambale ndipo alipojisikia mwenyewe kwa mara ya kwanza.

"Basi ugonjwa wenyewe umetoka jikoni," alisema bwana mifugo kwa upole. "Moyo mmoja unabeba mbwa wawili. Akiendelea hivi, mavuno hayaoni."

"Nikiacha, atapona?"

"Hilo siwezi kukuahidi. Ila kuacha kutakuumiza wewe kuliko yeye."

Akamwagiza ampe ugali kidogo wa dona na dagaa, mara moja kwa siku, na amtembeze polepole matutani. Balbina alimshukuru, akaingia katika vita ambayo sisi majirani, nasema kwa aibu, tulipigana upande usiofaa.

Maana Kamanda alilia. Alilia asubuhi alipokosa chai, alilia jioni harufu ya wali ilipomfikia, kilio chembamba kinachofanana mno na cha mtoto. Balbina alianza kula juu darini, mgongo ukiwa umeelekea matuta, na siku nyingine alirudisha chakula sufuriani bila kukigusa. Kambale hakununua tena. Na wale wale waliomcheka kwa kumshibisha mbwa wakaanza kumsema kwa kumnyima. Yosefina alimfuata hadi shambani.

"Mwenzangu, mpe hata ukoko. Mnyama anaumia."

"Si wewe uliyetaka kumwandika zamu ya somo?"

"Nilikuwa natania."

"Mimi sitanii. Na hicho ulichoficha kwenye khanga, ukile mwenyewe."

Yosefina alikuwa ameficha andazi. Alilila palepale, taratibu, mbwa akimtazama.

Binti wa Balbina, Careen, alipiga simu kutoka Kidatu alikoolewa.

"Mama, nasikia unamwua kwa njaa. Si ndiye peke yake baba aliyekuachia?"

"Baba yako aliniachia mlinzi. Mimi nikamgeuza mgeni. Ninamrudisha alipomwacha baba yako, na asinifundishe mtu huruma, kwa sababu huruma ndiyo iliyomwangusha kwenye tope."

Akakata simu. Kisha akamfunga Kamanda kamba shingoni, akamtembeza tuta hadi tuta, wakipumzika kila jaruba.

Mpunga ulikuwa umeanza kuwa wa dhahabu nguruwe waliporudi. Kamanda aliinuka. Mguu wa kushoto wa mbele haukupona sawasawa, na haujapona hata leo, hivyo alikwenda akichechemea. Hakuwakimbiza. Alisimama juu ya tuta la mpaka, akabweka bila kuanguka na bila kunyamaza, mpaka mbwa wa Dionisi wakaja kumalizia kazi. Dionisi mwenyewe alifika nyuma yao. Aliangalia mbwa, akaangalia matete, akasema kuna umande mwingi mwaka huu.

Baada ya mavuno Balbina alitualika Viwanja Sitini kumwombea marehemu. Alipika wali mpya, na kwa mara ya kwanza tangu msimu uanze, alipika kambale. Sala zilipokwisha alitoka jikoni na ile sahani ya bati, kichwa kikiwa juu. Dionisi alijiweka sawa na kunyoosha mkono, akinawishwa. Mlangoni Kamanda alinyanyuka, mbavu zake zikionekana, mkia ukisita.

Balbina alimpita mbwa. Akampita na shemeji. Akaketi katika kiti cha Wendelin, akapakata sahani.

"Shemeji," alisema Dionisi, mkono ukidondosha maji, "hicho ni cha baba."

"Baba wa nyumba hii yuko makaburini, na tumetoka kumwombea. Mpunga mnaoula tumeulinda mimi na yule pale mlangoni. Yeye kitamwua. Wewe ulifukuza nguruwe, na wali wako upo."

Akakivunja kichwa kwa vidole, akaanza na mashavu, kama Wendelin alivyokuwa akianza. Kamanda alimeza mate. Kisha akajilaza kizingitini, kidevu juu ya mguu wake mbovu, uso akiuelekeza nje.