Marehemu Aliyekwenda Kuomba Maji

Niliwahi kuamini, kwa moyo wangu wote na cheti changu cha masomo ya jioni, kwamba sheria za Tanzania hazimshiki mtani. Habari hizo nilizipata kwenye kijiwe cha kahawa, Majengo: ukimfanyia Mgogo utani, hata polisi anacheka na kukuacha. Sisi Wanyamwezi wa mjini, wajukuu wa wapagazi, tulizipokea kama kifungu cha katiba.

Basi jirani yangu wa shambani, Mgogo wa kule Makutupora, akafariki. Msibani nilivaa koti lake na kofia yake, nikaburuta mguu kama yeye, nikakohoa katikati ya kila neno huku nikiuliza nani kachinja mbuzi wangu bila ruhusa. Ndiyo kazi ya mtani. Waombolezaji walicheka mpaka turubai likakatika kamba mbili. Hata mjane alicheka.

Wiki mbili baadaye mjane akaniambia mizabibu yake michanga inakauka. Kisima ni cha kikundi, maji ni kwa zamu, na zamu yao imeandikwa jina la mumewe. Bila mwenye jina kusaini, hakuna maji.

"Jambo dogo," nikasema. "Nipe lile koti."

"Mtani, utafungwa."

"Mtani hafungwi."

Nikaingia ofisi ya kikundi nikiburuta mguu. Nikakohoa, nikataja jina la marehemu, nikaomba daftari. Karani, mama mmoja mpole, akainua macho.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," nikaitikia, kwa sauti ya marehemu kabisa.

"Pole na safari. Kaburi halikukubana? Maana mume wangu ndiye aliyeshika sepetu."

Mguu wangu ukapona palepale.

"Ni utani tu, mama."

"Na mimi ni mtani wako, ndiyo maana sijapiga simu polisi. Keti."

Nikaketi, kofia mapajani.

"Msibani kila mtu alijua ni wewe," akasema. "Hapa umetaja jina la mtu ili upewe kitu. Kujifanya mtu mwingine kwa nia ya kudanganya ni kosa la jinai, mtu huyo awe hai au amekufa, nawe uwe mtani au usiwe. Tena mjane hakuwa na haja ya marehemu. Aje mwenyewe na barua ya mtendaji wa kijiji, tubadilishe jina, keshokutwa apate maji. Na koti la watu ukalirudishe."