Fundi Viatu Aliyeungama kwa Sauti Kuu

Alizaliwa tarehe nne ya mwezi wa tatu, mtoto wa saba wa fundi viatu, akabatizwa siku ya nane akiwa amelala fofofo. Wazazi wake walilisimulia sana jambo hilo, kwa kuwa baada ya hapo hawakuona tena utulivu wa namna ile. Alirithi kazi ya baba yake, na vita vilipomkuta akiwa na miaka ishirini na miwili, alikataa bunduki, akapewa machela.

Katika mwaka wa pili wa vita, kwenye daraja, kombora lilianguka karibu naye likamharibia masikio yote mawili. Alipoinuka aliliona gari la wagonjwa likitokomea, na dereva wake, kijana wa mtaani kwao, hakugeuka nyuma. Majeruhi wawili walikuwa wamebaki. Alimbeba mmoja mgongoni hatua mia, akamlaza, akarudi kumchukua mwenzake. Hivyo hivyo kwa siku mbili, hadi hospitali ya jeshi. Wote wawili walipona.

Vita vilipokwisha alirudi kwenye nyundo na gundi yake, akaoa, akajaliwa watoto na wajukuu. Kwa kuwa hakusikia vizuri, hata salamu aliitoa kwa kelele, wajukuu wakambandika jina la Babu Spika. Alishona viatu vya mtaa mzima, isipokuwa vya dereva. Siku dereva alipomletea pea moja, alimwonyesha mlango. Kwa miaka thelathini na moja dereva yule, mwimba besi wa kwaya, alitembea na soli zilizofungwa kwa waya.

Ikafika Jumamosi moja ya maungamo. Mjukuu wake, ambaye sasa ni mkunga na ndiye aliyetusimulia haya, alikuwa nyuma yake kwenye foleni, bado msichana mdogo. Babu aliingia, akapiga magoti, akaanza kunong'ona. Au yeye alidhani ananong'ona.

"Padre, namchukia dereva. Jumapili ndiyo zaidi, maana anaimba vizuri, na kwaya nzima namsikia yeye tu."

Padre alimsihi apunguze sauti.

"Sikusikii, Padre. Niongeze?"

Mjukuu alitamani ardhi ipasuke immeze. Waamini wakawa wanakagua dari. Wa nne kwenye foleni alikuwa dereva mwenyewe, na mlango wa kanisa ulikuwa wazi, angeweza kujiondokea. Alibaki. Babu alipotoka, dereva alimshika mkono, akasema jambo huku ameinamisha kichwa.

"Sema kwa nguvu," babu akamwambia.

Dereva akavuta pumzi. "Niliogopa, kaka," akasema kwa besi yake yote, hata vioo vikatetemeka. "Niliwaona, nikawaacha. Nisamehe."

"Hata mimi niliogopa," babu akajibu. "Siku zote mbili." Kisha akautazama waya. "Vua hivyo viatu. Unanitia aibu mbele ya altare."

Dereva alirudi nyumbani peku, akitabasamu.

Babu alifariki akiwa na miaka sabini na tisa, asubuhi, baada ya kikombe cha pili cha chai. Kanisa halijamtangaza mtakatifu, lakini waamini hawakungoja. Wanasimulia habari za dada wawili ambao hawakuwa wamesemeshana kwa miaka kumi na moja. Walikutana kaburini kwake bila kupanga, na kila mmoja, akihofu kwamba marehemu bado hasikii, alisali kwa kupaza sauti. Walisikiana. Waliondoka wakiwa wameshikana mikono, wakibishana ni nani aliyeanza kulia.

Nasi tumwige mtumishi huyu mchangamfu. Ambaye ana neno na ndugu yake, asingoje liozee moyoni miaka thelathini na moja. Aende leo, amwambie kwa sauti ya kusikika, kisha atulie amsikilize naye.