Kadi ya Salumu

Nilipokuwa mtoto huko Kisarawe, degedege halikutajwa kwa jina. Bibi, mama yake baba, aliliita "kile kitu," na akishasema hivyo alitazama juu, maana tuliamini ni dege kubwa linalopita angani, na kivuli chake kikimwangukia mtoto, basi, anakakamaa na macho yanageuka. Mtoto wa namna hiyo alifukizwa moshi wa mavi ya tembo na kuogeshwa majani. Lakini sindano, hapana! Mtoto mwenye kile kitu akichomwa sindano, roho inatokea palepale kwenye tundu. Ndivyo tulivyoambiwa, nami niliamini kama ninavyoamini leo kwamba kesho nitaamka nimechoka.

Maana nimechoka, jamani. Mimi ni muuguzi, nafanya kazi upande wa watoto hapa Kibaha, na kila siku nasema yaleyale: chandarua, chanjo, mtoto akipata homa usikae naye nyumbani. Nasema mpaka koo linakauka. Akina mama wananiitikia, "Sawa, nesi," na wengine najua kabisa wanaitikia ili niwaache waende zao. Siwalaumu. Nami nimetoka hukohuko.

Nilikuwa na miaka saba, mdogo wangu Salumu ana miwili. Alikuwa mtoto wa vituko, akicheka anashika tumbo kama mtu mzima. Homa ilipompata, siku ya kwanza Mama alimkanda kwa maji. Siku ya pili alikataa hata uji, na jioni mkono wake mmoja ukaanza kurukaruka. Bibi aliuona kabla ya Mama. Akanivuta uani, akaniinamia.

"Mwanaidi, wewe ndiye dada yake. Mama yako atataka kumpeleka akachomwe. Akichomwa, tunamzika. Umenisikia?"

"Nimesikia, Bibi."

Hakuniambia nifanye nini. Hilo nalisema wazi, maana marehemu hawezi kujitetea. Nililofanya nililifikiria mwenyewe.

Wiki chache nyuma Mama alikuwa amekwenda zahanati bila kadi ya kliniki ya Salumu, akafokewa mbele za watu na kurudishwa nyumbani akaifuate. Tulirudi njia nzima anafuta machozi kwa kanga. Kwa akili zangu za utoto nikawa nimejua: bila kadi, hakuna sindano. Basi asubuhi iliyofuata, Mama alipokwenda kuchota maji, niliichomoa kadi chini ya godoro nikaifukia kwenye debe la makopa, ile mihogo mikavu ya Bibi, chini kabisa. Nikapangusa mikono. Nikaona nimemwokoa mdogo wangu.

Mama alitafuta, we acha tu. Aligeuza godoro, akamwaga kapu la nguo, akapekua hadi mianya ya ukuta wa udongo.

"Mwanaidi, kadi ya mwenzio umeiona?"

"Sijaiona, Mama."

Aliniuliza mara tatu, na mara tatu nikamjibu hivyohivyo. Bibi alikaa kibarazani amempakata Salumu. Jua lilikuwa limeshapanda sana Mama alipokata shauri. Akamfunga mtoto mgongoni, akasema wakimfukuza na wamfukuze, akashika njia. Mimi nyuma yake nakimbia.

Degedege lilimshika Salumu njiani, palepale mgongoni. Mama alihisi anavyomgonga mbavuni, hakusimama. Tulipofika zahanati hakuna aliyeulizia kadi. Hata mmoja! Muuguzi alimpokea mtoto, akamtazama mara moja, akaandaa sindano.

"Mbona umechelewa hivi, mama?" alisema huku anamchoma.

Salumu alikata roho kabla ya adhana ya alasiri.

Onyo la Bibi likawa limetimia, na kijiji kizima kikaliona. Yeye mwenyewe hakufurahia. Alilia mpaka macho yakavimba, akasema neno moja tu, "Nilisema," na hakulirudia hadi anaingia kaburini. Aliyelishikilia ni Mama. Miaka nenda, miaka rudi, alijihukumu kwamba alimbeba mwanawe kwa mgongo wake mwenyewe akampeleka kwenye kifo. Mimi, arobaini ilipopita, niliifukua ile kadi nikaitumbukiza chooni, nikafunga mdomo.

Chuo cha uuguzi kilinifundisha yaliyomuua Salumu: malaria kali, na kucheleweshwa matibabu. Mwalimu mmoja alituchorea ubaoni jinsi mtu anavyoamua kujikinga: mpaka aone ugonjwa ni wa hatari, aone kinga inafaa, na asiwe na kizuizi mbele yake. Wenzangu waliandika umbali, nauli, foleni. Mimi kwenye "kizuizi" kalamu iligoma. Niliomba ruhusa nikatoka nje.

Mwaka huu dada wa kazi alipoondoka, nilimleta Mama kwangu Sofu, hapahapa Kibaha, anilelee Rehema, kitinda mimba wangu. Rehema akatimiza mwaka na nusu, chanjo yake ya pili ya surua ikafika, na wiki hiyohiyo akapata mafua na kijihoma. Homa ikaisha. Nikaitafuta kadi, haipo. Wiki ya pili, haipo. Mimi, mwenye kuwahimiza wenzangu kutwa, mwanangu hana chanjo!

Asubuhi moja nilitoka zamu ya usiku, miguu inawaka moto, nikamkuta Mama anachambua mchele kwenye ungo.

"Mama, kadi ya Rehema umeiona?"

"Sijaiona, mwanangu. Usihangaike, itaonekana tu."

Alisema hivyo huku akitazama pembeni. Hayo macho niliyajua. Yalikuwa yangu, ya miaka saba. Ningeweza kumbana, nimzungushie maneno ya kinesi. Sikuwa na nguvu hiyo. Niliketi chini karibu naye na viatu vya kazini miguuni.

"Mama, kadi ya Salumu niliificha mimi. Kwenye debe la makopa. Bibi aliniambia akichomwa atakufa, nikaona nikiificha hutampeleka. Sindano haikumuua. Ulimchelewesha kwa sababu yangu."

Mkono wake ukasimama juu ya mchele. Nilingoja kofi. Kwa kweli nililitamani.

"Ulikuwa na miaka mingapi vile?"

"Saba."

"Saba," alisema. "Na miaka yote hii nimejua nimemuua mimi."

"Najua, Mama."

"Ulijua, ukaniacha nalo."

Aliinuka taratibu, magoti yanalia, akaingia chumbani kwake. Nikasikia mfuniko wa ndoo ya mchele. Alirudi na kadi ya Rehema, anaifuta vumbi la mchele kwa pindo la kanga.

"Mpeleke sasa hivi," alisema, "kabla sijaogopa tena."

Nikambeba mtoto jinsi nilivyo, sijaoga, sijalala. Sijafika hata barabarani nikasikia kandambili nyuma yangu. Mama alikuwa anakuja. Kliniki, walipouliza kadi, aliitoa yeye kwa mikono miwili. Rehema alipochomwa alilia kidogo, Mama akafumba macho na kunishika mkono mpaka kucha zikaniingia.

Tuliporudi hakufanya kazi yoyote. Alikaa mkekani anamtazama mtoto, saa baada ya saa. Adhana ya alasiri ikasikika, ikaisha, na Rehema akaanza kudai uji wake kwa kelele. Ndipo Mama alipoinuka, akaenda jikoni akaukoroga huku analia kwa sauti, na sikumzuia.

Hajaniambia kama amenisamehe. Namngoja. Mimi ndiye niliyemchelewesha kwanza.